Flashi inayojipimia kwenye kamera ya filamu: shajara ya Vivitar 283 na Pentax K1000

Lengo la mradi huu ni dogo: kupiga harusi ya nyumbani kwa filamu, usiku, bila kukokotoa hesabu kila mtu anaposogea. Kamera ni Pentax K1000 yenye lenzi ya 50 mm f/2. Flashi ni Vivitar 283, ile ya miaka ya 1970 yenye kichwa kikubwa na jicho la duara la kupimia mwanga chini yake. Kamera yenyewe haina akili yoyote ya flashi. Kazi yake ni kuipa ishara shata, yaani pazia la kamera, linapokuwa wazi, basi. Kupima mwanga ni kazi ya flashi. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama, ili mwenye vifaa vya aina hii asianzie sifuri.

9 Juni 2024: Flashi imefika

Imetoka Kariakoo kwa basi hadi Tanga, 65,000/= pamoja na nauli ya mzigo. Mwili mzima, kioo cha mbele kizima, ila kwenye chumba cha betri kuna ukoko wa kijani na mweupe. Mtu aliacha betri humo akasahau. Ukoko huo huondoka kwa asidi kidogo: maji ya ndimu kwenye pamba, mswaki mkuukuu, kisha spiriti ya kusafishia, halafu kuacha ikauke usiku kucha. Vibati vimeng'aa vya kutosha.

Betri ndogo za kawaida za dukani, zile za kutia kwenye rimoti, hazifai kabisa. Flashi ililia ule mlio wake mwembamba kwa muda mrefu, taa ya kuonyesha imejaa ikawaka, ikapiga mara moja, na baada ya hapo kungoja kukawa kurefu mno. Nimenunua betri za kuchajiwa, NiMH, pamoja na chaja, 48,000/=. Hizi ni volti 1.2 badala ya 1.5 lakini hutoa umeme kwa kasi, na hicho ndicho flashi inachotaka.

Flashi iliyokaa miaka bila kutumika haifai kuanza kufyatuliwa mfululizo. Kapasita yake kubwa husahau kazi. Niliiwasha mpaka taa ikawaka, nikaiacha ikiwa imejaa kwa dakika kadhaa, nikaipiga mara moja, nikairudia hivyo hivyo jioni nzima. Mwanzoni ilichukua muda mrefu kujaa, mwishoni ikawa inajaa kwa sekunde chache. Anayetaka kuifungua mwenyewe asifungue: ndani mna zaidi ya volti 300, na hubaki humo hata betri zikitolewa.

Kipimo cha mwisho cha siku ni volti za sehemu ya kupachikia, yaani zile zinazokutana na kamera. Mita ya fundi redio, mshale mwekundu kwenye chuma cha katikati, mweusi kwenye chuma cha pembeni, flashi ikiwa imejaa: volti 230 na ushei. Hii yangu imeandikwa Japan, na matoleo ya mwanzo ya 283 yanajulikana kwa volti kubwa namna hii. Ya baadaye yalishushwa sana. Kwa K1000 hakuna shida, maana pale kuna vyuma viwili tu vinavyogusana. Kwa kamera ya dijitali ni habari nyingine: zipo za mwanzo zisizotakiwa kupita volti 6. Nimebandika karatasi kwenye flashi: FILAMU TU. Nyumbani kuna vijana wenye kamera zao na mikono myepesi.

22 Juni 2024: Rangi ni umbali

Mbele ya 283 kuna kidude kinachochomoka, ndicho chenye lile jicho, kikiwa na rangi nne na herufi M. Maelezo mengi huwafanya watu waamini rangi ni namba za f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi (namba kubwa, tundu dogo). Nimekaa na kikokotozi cha ubavuni nikaona ni rahisi zaidi kuzichukua kama umbali. Njano hufika takriban mita 13, nyekundu 9, bluu 4.5, zambarau 3.3. Umbali huo haubadiliki kwa filamu yoyote. Kinachobadilika ni f ya kuweka kwenye lenzi. Kwa ISO 100 ni f/2.8, f/4, f/8 na f/11 kwa mpangilio huo huo. Kwa ISO 200 kila moja inafungwa stopu moja, yaani mwanga unaoingia unapungua nusu: f/4, f/5.6, f/11, f/16. Kwa ISO 400 ni f/5.6, f/8, f/16 na f/22.

Ukishachagua rangi na kuweka f yake, mtu anaweza kusogea popote ndani ya umbali huo na mwanga ukabaki sawa. Flashi inapopiga, jicho linapokea mwanga unaorudi kutoka kwa mtu. Ukitosha, thairista (swichi ya kielektroniki ndani ya flashi) inakata umeme palepale na kilichobaki kwenye kapasita kinahifadhiwa kwa picha inayofuata. Ndiyo maana mtu akiwa karibu flashi hujaa tena upesi, na akiwa mbali hungoja.

Jambo lililonigharimu muda ni lile gurudumu la ASA, jina la zamani la ISO. Nilipiga nikilizungusha huku na huku, nikitegemea flashi ibadilike. Haibadiliki. Kwenye 283 gurudumu hilo ni kikokotozi tu. Halijaunganishwa na chochote ndani. Flashi haijui una filamu gani, wala haijui f uliyoweka. Inajua rangi na inajua mwanga uliorudi. Ukitaka picha ing'ae zaidi au ipungue, unabadilisha f kwenye lenzi na kuiacha flashi ikiamini ile ya mwanzo.

Kasi ya shata ni 1/60, ambayo kwa K1000 ndiyo ya mwisho inayokubaliana na flashi. Chini ya hapo ruksa, juu yake hapana.

7 Julai 2024: Mkanda wa kwanza, HP5 (filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400)

Filamu haiandiki popote picha ilipigwa kwa f gani wala umbali gani, kwa hiyo kila picha ilipigwa na kibao: kipande cha boksi la maji ya kunywa, juu yake rangi, f na umbali kwa chaki. Mpwa wangu ndiye alikaa mita tatu kutoka kwenye kamera, barazani, usiku. Alivaa kanzu nyeupe, kisha shati la kaki, kisha koti jeusi la suti, na kila vazi lilipigwa kwa bluu katika f/11, f/16 na f/22.

"Mjomba, hii harusi ni ya nguo au ya watu?" akauliza alipoambiwa abadilishe tena.

Kusafisha kumefanyika nyumbani, dawa ya ID-11 sehemu moja kwa sehemu moja ya maji, dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba ya hapa hayajawahi kuwa nyuzi 20. Beseni lenye barafu limesaidia, ingawa lazima lichungwe. Ukipitiwa, dawa inakuwa nyuzi 17 na picha zinatoka dhaifu. Mkanda wa pili nimeusafisha kwa nyuzi 24 na kupunguza muda hadi kama dakika 9, na huo ndio utaratibu wangu sasa.

Matokeo yamenyooka kuliko nilivyotarajia. Kaki kwa f/16, kama rangi inavyosema: sawasawa. Kanzu kwa f/16: kanzu ina rangi nzuri ya kijivu na uso wa mpwa ni kivuli. Picha ya f/11 ndiyo yenye mtu ndani yake. Koti jeusi kwa f/16: negativu nzito, yaani mwanga umezidi, uso umeungua, f/22 imeokoa. Jicho limetengenezwa likiamini dunia nzima ni ya kijivu cha wastani, ile inayorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Nyeupe ikirudisha mwingi, jicho linadhani kazi imeisha mapema. Nyeusi ikinyonya, jicho linaendelea kumwaga.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo ya flashi hizi, yaliyoandikwa kwa watu wa rangi nyingine, hayaligusi. Uso wa mtu mweusi ukijaa kwenye picha, nao uko chini ya kile kijivu cha wastani. Jicho linaongeza mwanga na ngozi inapauka. Mpwa alitoka kama amepakwa poda. Kwa picha ya uso wa karibu nafunga nusu stopu, na kwa mtu mweusi sana stopu nzima. Lakini huyo huyo akivaa kanzu na kupigwa nusu mwili, kanzu ndiyo inayotawala, na sasa nafungua. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni nini kimejaa mbele ya jicho, nguo au uso.

Ukuta nao una sauti. Shati lile lile la kaki mbele ya ukuta mweupe uliopakwa chokaa, mtu akiwa ameegemea, lilitoka jepesi kwenye negativu, yaani mwanga haukutosha. Alipousogelea uwanja na kuuacha ukuta mita kadhaa nyuma, likarudi sawa.

28 Julai 2024: Nje usiku, na dari

Nje, uwanjani, hakuna kinachorudisha mwanga isipokuwa mtu mwenyewe. Jicho linakusanya mwanga wote ulio mbele yake, giza likiwemo, na giza lina eneo kubwa. Karibu kila picha ya mtu mmoja aliyesimama uwanjani imetoka nzito kwa stopu moja. Kundi la watu sita waliojaa fremu halikuwa na tatizo. Kanuni yangu ya nje ni kufunga stopu moja kwa mtu mmoja au wawili, na kuacha ilivyo kwa kundi. Kwa filamu ya negativu ya rangi hata ukisahau hutaumia sana, maana huvumilia mwanga uliozidi; kwa slaidi ungelia.

Kuelekeza kichwa darini ndiko kunakoipa 283 heshima yake. Kichwa kinainuka hadi nyuzi 90 lakini jicho linabaki likitazama mbele, kwa hiyo linapima mwanga unaotoka kwa mtu baada ya kupita darini. Vijiflashi vingi vya bei nafuu vina jicho linaloinuka pamoja na kichwa, na hivyo huishia kupima dari.

Sebuleni kuna jipsamu nyeupe, kimo kama mita tatu. Bluu ilishindwa mara moja: negativu tupu karibu zote. Dari hula takriban stopu mbili, na njia ya mwanga ni kwenda juu kisha kushuka, siyo ile ya moja kwa moja. Mita 4.5 za bluu zinakatika nusu na kubaki mita mbili na kidogo. Nyekundu ilifika kwa taabu. Njano kwa f/5.6, HP5, ndiyo iliyotoa picha laini za sebuleni ambazo hakuna anayeamini zimepigwa kwa flashi.

Kabla ya kupoteza filamu kuna njia ya kujaribu. Bonyeza kitufe cha kufyatulia flashi yenyewe bila kamera, ukiwa umeilenga vilevile, kisha angalia taa ndogo ya uthibitisho. Ikiwaka, mwanga ulitosha na jicho limekata. Isipowaka, flashi imetoa yote iliyonayo na bado haijatosha: fungua lenzi na uchague rangi ya mbali zaidi, au sogea.

Jingine la taa: ile ya kuonyesha imejaa huwaka kabla haijajaa kikweli. Nahesabu pumzi mbili zaidi. Kwa picha za karibu haina maana; kwa dari na kwa njano, hizo pumzi mbili ndizo picha.

18 Agosti 2024: Harusi imepita

Jana. Mikanda mitatu ya Kodak Gold 200, imekuja na basi kutoka Mombasa, 38,000/= kila mmoja. Mpiga picha rasmi alikuwepo na kamera zake za dijitali, kwa hiyo mimi nilikuwa ndugu mwenye kamera ya kizamani na hakuna aliyenidai kitu.

Mpango wa dari ulikufa mlangoni. Ukumbi hauna dari. Una mabati, na chini ya mabati wapambaji wametandaza vitambaa vya waridi na vyeupe. Mwanga ukigonga waridi unarudi waridi, na bibi harusi hakuombwa ushauri. Dawa iliyopatikana ni kipande cha manila nyeupe, ukubwa wa kiganja na nusu, kimefungwa kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi kilichoinuliwa juu. Kinarusha sehemu ya mwanga mbele kikiulainisha, na jicho linapima vilevile. Njano, f/4, watu wasizidi mita tatu au nne. Mikanda miwili imepigwa hivyo, na wa tatu moja kwa moja kwa bluu f/11 wakati wa kuingia na wakati wa kutunza.

Betri: seti nne za NiMH, nikibadilisha kabla hazijaisha. Kamati ilikwisha kupanga wapiga picha wote wasimame upande mmoja kwa ajili ya video, jambo lililonifaa, kwa sababu ukuta wa upande ule ulikuwa mbali na jicho halikuuona.

1 Septemba 2024: Mikanda imerudi

Kusafisha na kuskani Dar es Salaam, 25,000/= kwa mkanda. Kilichofanya kazi nakipita haraka: manila imefanya kazi. Nyuso ni nyuso, ngozi ni ngozi, gauni lina mikunjo yake. Kwa gauni nilikuwa nafungua stopu moja na ndicho kilichokuwa sahihi.

Kilichoharibika ndicho chenye faida kwa msomaji.

Picha za meza kuu, zile za mbali kidogo, ni za giza. Nyuma ya maharusi kulikuwa na pazia la vishanga vya dhahabu na vioo vidogo vidogo. Kila kioo kilichoielekea flashi kilirudisha mwanga kama taa, jicho likashiba, likakata. Kinachokera ni kwamba taa ya uthibitisho iliwaka kila mara, kwani kwa jicho kazi ilikuwa imekamilika. Hakuna stopu ya kusahihisha hali hiyo kwa uhakika, maana inategemea vioo vingapi vimekutazama. Hapo ni kuachana na jicho. M inatoa nguvu yote, namba ya flashi ni 36 kwa mita katika ISO 100, kwa ISO 200 ni kama 51. Igawanye kwa umbali. Mita 4.5, basi f/11. Hesabu ya kizamani haidanganyiki na kioo.

Picha za kutunza zina mikono. Mgeni akiinua simu mbele yako kuchukua video, mkono wake uko nusu mita kutoka kwenye flashi, na jicho linapima mkono. Mkono umetoka vizuri mno. Aliye nyuma yake anatoka kama uvumi. Mkono wenyewe haukuwa hata katikati ya picha, ulikuwa pembeni, ila jicho liko juu ya lenzi na linatazama kwa njia yake. Kamera zenye kupima kupitia lenzi, kama Olympus OM-2 ya miaka ya 1970 au Nikon FE2 ya 1983, husoma mwanga ulioangukia filamu yenyewe, hivyo angalau huona kile picha inachoona. Zina bei yake, na zinataka flashi ya ukoo wao. Mimi ninapanda juu ya kiti.

Kisha kuna picha kadhaa za kuingia ukumbini zenye upande mmoja mweusi ti, umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Gurudumu la kasi lilikuwa limesogea hadi 1/125. Pazia za shata la K1000 ni za kitambaa na husafiri kwa upana, kwa hiyo kwa kasi hiyo pazia ya pili inakuwa imeshaanza kufunika filamu flashi inapopiga. Gurudumu halina kufuli, na mkanda wa bega ulikuwa ukilisugua. Sasa kuna kipande cha solotepu nyeusi juu ya 60, na kinaondolewa mchana tu.

Jaribio dogo lililolipa: muziki ulipokolea nilishusha hadi 1/15 huku nikiacha njano na f/4. Flashi iliwagandisha wachezaji na taa za ukumbi zikapata muda wa kuingia kwenye filamu. Badala ya watu wanaoelea kwenye shimo jeusi, ukumbi unaonekana, taa zikiwa na michirizi. Nusu ya picha hizo zina mtikisiko. Nusu nyingine ndizo ambazo familia imeziomba.

22 Septemba 2024: Jicho kwa waya

Kwa kuwa jicho la 283 linachomoka, walitengeneza waya wa kuliweka juu ya kamera huku flashi yenyewe ikiwa kwingine. Nimepata uliotumika kwa 40,000/=, pamoja na waya wa kupeleka ishara ya kufyatua, unaoingia kwenye tundu la X la kamera.

Nimejaribu kwanza bila waya wa jicho, flashi ikiwa ubavuni kwa mtu, jicho likiwa mahali pake. Inapima upande wenye mwanga, kwani ndiko inakotazama, na upande ulio mbele ya kamera unabaki nusu kivuli. Jicho lilipohamia juu ya kamera, lilianza kuona kivuli kile kile ambacho lenzi inakiona, likaongeza. Tofauti kwenye HP5 ni zaidi ya stopu moja kwa uso ulioangaziwa kutoka kando, na sasa flashi inaweza kushikwa na mtu mwingine, ikasogezwa mbali au karibu, bila kugusa f.

Tatizo lililobaki ni la waya wenyewe. Umeviringana, unavuta, na ukinyooshwa sana pini za jicho zinalegea na flashi inatoa nguvu yote bila kukatwa. Dalili yake unaisikia kabla ya kuona negativu: kungoja kunakuwa kurefu ghafla hata kwa mtu aliye karibu. Nimefunga kidude kwa mpira kisichezecheze. Fundi ameahidi kukaza vibati vya pini wiki ijayo, na mpaka hapo gharama zote za flashi, betri, waya, filamu za rangi na kusafisha zimefika 342,000/=, mbali na HP5 na dawa ambazo nilikuwa nazo.